Klei ya kusafishia rangi ya gari: ninavyoichagua na kuitumia hapa Unguja

Gari yangu ni nyeupe, na kwa miezi mingi niliamini kwamba vidoa vya kahawia vilivyotapakaa juu ya boneti na mlango wa nyuma ni kutu inayotoka ndani ya bati. Nilifika hadi kuulizia bei ya kupiga rangi upya. Kumbe bati lilikuwa zima. Ninakaa Fuoni, na ukuta wa nyumba yangu unapakana na karakana ya kuchomelea mageti na madirisha. Kila wanapokata chuma kwa grenda, cheche huruka, na baadhi yake huvuka ukuta zikiwa bado za moto na kutua juu ya gari. Chembe ya chuma yenye moto hujichimbia katika rangi na kuganda pale pale, kisha hewa yetu yenye chumvi huifanya ishike kutu kwa siku chache tu. Sabuni haiiondoi hata ukiosha kila siku, kwa sababu haikukaa juu ya rangi kama linavyokaa vumbi, bali imeshikana nayo.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa rangi, ambaye hakutazama hata vile vidoa. Aliniambia nioshe gari vizuri, niikaushe, kisha nipitishe kiganja taratibu juu ya boneti. Nilihisi vipele, kama ngozi ya mtoto iliyoota harara. Halafu akachukua kipande cha nailoni nyembamba iliyofungiwa mkate wa silesi, akanivisha vidoleni, na akaniambia nipitishe tena. Vile vipele vikawa vikubwa mara mbili, kwa kuwa nailoni hupunguza msuguano wa ngozi na kuacha vidole visikie kila kilichoinuka. Tangu siku hiyo sianzi kazi yoyote ya rangi bila ya kuvaa nailoni kwanza, na ninamshauri kila mwenye gari afanye hivyo kabla ya kununua chochote. Jicho hudanganyika kwa mng'aro, lakini vidole havidanganyiki.

Dawa ya vipele hivyo ndiyo klei. Jina lake linaweza kumpoteza mtu, kwani si udongo wa kufinyangia vyungu na vyetezo. Ni donge la resini laini ya plastiki iliyochanganywa na unga mgumu uliosagwa sana, kiasi kwamba ukilifinya mkononi hutahisi mchanga wowote. Bidhaa hii ilitokea Japani, na Mjapani Tadao Kodate alipewa hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, nchini Marekani mwaka 1995. Ninaikumbuka habari hii kila ninapoitumia, kwa sababu magari mengi tunayoendesha hapa yametoka Japani yakiwa yameshatumika, kwa hiyo gari na dawa yake vina asili moja.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kuieleza. Rangi iliyo safi ni tambarare, na uchafu ulioganda umeinuka juu yake. Klei inapoteleza juu ya maji ya sabuni, hupita juu ya sehemu iliyo tambarare bila ya kuigusa kwa nguvu, lakini ikifika penye kipele hukishika, hukikata kutoka kwenye rangi, na kukimeza ndani ya donge. Kwa hiyo inaondoa kilichoinuka tu. Haiondoi mikwaruzo, kwa sababu mkwaruzo ni bonde na si kilima, wala haiwezi kuirudisha rangi iliyopauka kwa jua. Wapo wanaoinunua kwa matumaini hayo na kuishia kulaumu bidhaa isiyo na kosa.

Kabla ya kuchagua klei, ni lazima mtu ajue ni kitu gani kimeganda juu ya gari yake, na hapa kwetu majibu si yale yale ya nchi za baridi. Chumvi ya bahari, ambayo ndiyo watu wengi huilalamikia, haihitaji klei hata kidogo. Huyeyuka katika maji, na anayekaa Mazizini au Bububu karibu na pwani atafaidika zaidi kwa kuimwagia gari maji safi mara kwa mara kuliko kwa kununua donge lolote. Chuma cha grenda na kile kinachotoka kwenye breki ndicho chakula hasa cha klei. Rangi ya kupulizia, inayoruka pale jirani anapopaka geti lake siku ya upepo, nayo huondoka vizuri sana.

Saruji na chokaa ni habari nyingine, na kwa kuwa kila mtaa wetu una nyumba inayojengwa, inafaa nilieleze hili kwa kirefu. Tone la saruji lililokauka juu ya gari ni gumu kuliko klei. Mtu akilisugua, ama klei itachanika, ama tone litabanduka vipande vipande, na vipande hivyo vitaburutwa juu ya rangi na kuichora. Mimi huloweka kitambaa katika siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, nikakiweka juu ya tone kwa dakika moja au mbili, nikasuuza kwa maji mengi, na kurudia mpaka lilainike na kuondoka lenyewe. Siki hiyo hiyo hufaa kwa madoa meupe ya mviringo yanayoachwa na maji ya visima. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa, na maji yanayopita humo hutoka nayo. Yakikauka juu ya boneti la moto huacha chokaa hiyo nyuma. Klei hupita juu ya madoa hayo na kuyaacha vile vile yalivyo, kwani hayakuinuka vya kutosha kushikwa.

Kisha ipo miti. Sote tunapenda kuegesha chini ya mwembe, na mimi mwenyewe siwezi kuacha kivuli hicho saa saba za mchana. Hata hivyo utomvu wa mwembe, na ulimbo wa mfenesi zaidi yake, hukauka na kuwa kama gundi. Ukiwa mbichi klei huumeza, lakini ukiwa umekauka kwa wiki kadhaa hujipaka juu ya klei na kuanza kuburutwa huku na huko. Pamba yenye spiriti kidogo huulainisha kwanza. Lami ya barabarani nayo, ile inayorukia chini ya milango, ninaitoa kwa kitambaa kilichoguswa na mafuta ya taa, kisha naosha mahali hapo kwa sabuni papo hapo ili mafuta yasikae juu ya rangi.

Yote haya yanaelekea kwenye jambo moja ambalo nimelifikia baada ya kukosea, nalo ni kwamba klei inatakiwa kupewa kazi ndogo kadiri inavyowezekana. Kila kinachoweza kuyeyushwa kiyeyushwe kwanza. Hata kwa chuma ipo dawa ya kupulizia yenye kemikali iitwayo thioglikoleti, ambayo ikikutana na chembe za chuma hugeuka rangi ya zambarau na kutiririka chini kama wino. Harufu yake ni mbaya, kwa hiyo inatumiwa mahali penye hewa, mikono ikiwa na glavu, na haiachwi ikauke. Nilipoipulizia gari yangu kwa mara ya kwanza, boneti lote lilitiririka zambarau, na nusu ya vile vidoa vya kahawia ilikwisha kabla sijagusa klei.

Sasa kuhusu kuchagua. Klei huuzwa kwa daraja tatu: laini, ya wastani na kali. Rangi ya donge haimwambii mnunuzi kitu cha kuaminika, kwa sababu buluu ya mtengenezaji mmoja ni laini na buluu ya mwengine ni ya wastani. Lisomwe neno lililoandikwa kwenye kasha. Kwa gari ya mtu wa kawaida, daraja laini linatosha, na ikiwa rangi imekaa miaka mingi bila ya kushughulikiwa, basi ya wastani. Ile kali ni ya mafundi wenye mashine ya polishi, ambao wanajua kwamba baada yake ni lazima rangi ipigwe polishi.

Hili sikulisoma mahali. Ami yangu ana gari nyeusi anayoitunza kuliko kitu chochote chake, na aliponiona nimeing'arisha yangu aliniomba nimfanyie na yeye. Klei laini ilikuwa imenimalizikia, nikaenda duka la vifaa vya magari na kununua iliyokuwepo, na iliyokuwepo ilikuwa kali. Nilijiambia kwamba nikitumia mkono mwepesi haitakuwa na tofauti. Boneti lilikuwa laini kama kioo cha meza, lakini tulipolitoa kivulini ami akainama, akalitazama dhidi ya jua na kuniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona limekuwa kama limeingia ukungu?" Ulikuwa ni wavu wa mikwaruzo myembamba, maelfu kwa maelfu, ambayo juu ya rangi nyeupe nisingeiona kabisa. Nilirudi wiki ya pili yake na polishi, nikaisugua kwa mkono tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, na boneti likarudi. Ami hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Klia, yaani lile tabaka la juu lisilo na rangi linaloipa gari mng'aro, katika magari mengi yanayotoka kiwandani ina unene wa takriban mikroni 40 hadi 50, ambao hauzidi unene wa unywele. Kila polishi inakula sehemu yake, na hakuna namna ya kuirudisha isipokuwa kupiga rangi upya. Ndiyo maana nikiwa na gari yenye rangi ya giza huwa ninaanza na daraja laini kabisa, mahali padogo pasipoonekana sana, kisha ninaenda kupatazama juani kabla ya kuendelea.

Kuhusu ukubwa, donge la gramu 100 linatosha gari ndogo kwa mara kadhaa, lakini lisitumike zima. Likatwe vipande viwili au vitatu, kitumike kimoja na vyengine viwekwe, kwa sababu klei ikianguka chini imekwisha kazi yake. Mchanga hujichimbia ndani yake na hautoki, na anayeiokota, akaisuuza na kuendelea, anashika msasa mkononi. Nimemwona mtu mzima akiokota kipande kilichoanguka uani, akakifuta kwenye shati na kukirudisha juu ya mlango wa gari, na nililazimika kumshika mkono.

Siku hizi kuna pia glavu na vitambaa vilivyopakwa mpira wa aina hii upande mmoja. Vinafanya kazi kwa haraka zaidi, vinasuuzika vikianguka, na vinadumu kwa magari mengi. Kwa mwenye biashara ya kuosha magari ningevipendekeza bila ya kusita. Kwa gari yangu mwenyewe bado ninachagua donge, kwa sababu kupitia donge ninahisi kila kipele kinapokatika, na kupitia glavu hisia hiyo hupungua.

Kazi yenyewe ninaifanya asubuhi mapema baada ya sala ya alfajiri, au baada ya alasiri, gari ikiwa kivulini na bati likiwa baridi. Wakati wa kaskazi, jua linapokuwa kali na upepo unabeba vumbi, ninachagua asubuhi tu. Bati la moto hukausha maji ya sabuni kabla hujamaliza shubiri moja, na hulainisha klei mpaka ikajipaka juu ya rangi kama ubani uliotafunwa. Gari huoshwa kwanza, kikamilifu, kwa ndoo mbili: moja ya sabuni na nyengine ya kusuuzia sponji. Mchanga wa Paje au wa Nungwi uliobaki juu ya mlango ukikutana na klei, utasuguliwa nayo mpaka mwisho wa kazi.

Maji ya utelezi ndiyo nusu ya kazi yote, na hapa ndipo watu wanapobania. Unaweza kununua maji maalumu yanayouzwa pamoja na klei, au ukatumia shampuu ya gari kidogo ndani ya chupa ya kupulizia yenye maji lita moja. Sabuni ya unga isitumike kamwe. Katika maji yetu yenye chokaa povu lake hupungua, na chembe zake zisizoyeyuka hukwaruza. Mimi huchanganya shampuu na maji ya mvua niliyoyakinga wakati wa masika, na tofauti yake huonekana mara moja: povu linakuwa zito, na klei inateleza kwa wepesi kabisa. Mwenye tangi la maji ya mvua ana hazina ambayo hainunuliki dukani.

Kipande cha klei hukandwa kama donge la chapati mpaka kikalainika, kikabapazwa kifikie upana wa vidole vitatu. Pulizia maji ya utelezi juu ya eneo la kama nusu mita kwa nusu mita, na juu ya klei pia, kisha upitishe kwa mistari iliyonyooka, mbele na nyuma, bila ya kuzungusha. Mkwaruzo wa mviringo hushika mwanga kutoka kila upande, lakini ule ulionyooka huonekana kwa taabu. Mkono usikandamize, uzito wa vidole vyenyewe unatosha. Hapo mwanzo utasikia mkwaruzo mdogo, kama wa kucha juu ya kitambaa kibichi, na klei itakuwa inakwamakwama. Endelea kwa utulivu na uongeze maji. Baada ya mipito kadhaa sauti inanyamaza, mkono unaanza kuteleza kama juu ya mafuta, na hapo ndipo pa kuacha. Kupita tena na tena juu ya mahali palipokwisha kuwa safi ni kuila klia bure. Klei ikikwama kabisa, tatizo ni maji machache, na dawa yake si nguvu.

Baada ya kila eneo ifunue klei na kuitazama. Kwenye gari yangu ilitoka na mistari ya kahawia na nukta nyeusi, na ninakiri kwamba nilifurahi kuiona, kwa kuwa ndio ushahidi wa kilichokuwa juu ya rangi muda wote ule. Ikunje ndani kwa ndani, uikande upya ipatikane sehemu safi, na uendelee. Ikiwa haipatikani tena sehemu safi, itupwe. Kila eneo likimalizika lifutwe kwa taulo laini ya maikrofaiba, na ile nailoni ya mkate ivaliwe tena kupima. Mimi huanzia kwenye paa, nikashuka boneti, milango, na mwisho sehemu za chini karibu na matairi, ambako uchafu ni mkali zaidi. Na kipande kilichotumika huko chini hakirudi juu.

Kioo cha mbele nacho kinafaidika sana. Hapo nilishangaa mwenyewe, kwa sababu wipa zangu zilikuwa zikigugumiza kila mvua ya vuli na nilikuwa nimeshazibadilisha mara mbili. Chembe za chuma zilikuwa zimeganda kwenye kioo pia. Nilipokipitishia klei kwa maji mengi, wipa zikanyamaza. Kwa plastiki nyeusi zisizong'aa, zile za bampa na vioo vya pembeni, klei haifai. Hubakia ndani ya vinyweleo vya plastiki. Rangi isiyong'aa kwa makusudi isiguswe nayo, wala gari iliyotoka kupigwa rangi karibuni, mpaka fundi aliyeipiga aseme kwamba imekauka mpaka ndani.

Ukishamaliza, rangi iko uchi. Klei huondoa pamoja na uchafu sehemu kubwa ya nta iliyokuwepo, na katika hewa ya bahari kuiacha hivyo hata kwa siku tatu ni kuialika chumvi. Kwa hiyo siku hiyo hiyo ninapaka nta, tabaka jembamba, ninalisubiri likauke na kulifuta. Ikiwa rangi inahitaji polishi, hiyo hutangulia nta. Kwa gari ya kawaida kazi hii yote inatosha kufanywa mara moja kwa mwaka, mimi nikilazimika mara mbili kwa ajili ya jirani zangu wa grenda, nao ni watu wema ambao tumeshazungumza, na sasa huweka turubai upande wa ukuta wanapokata vyuma vikubwa.

Kipande kilichobaki ninakipulizia maji ya utelezi kidogo, ninakitia ndani ya kikopo chenye kifuniko, na kukiweka kabatini ndani ya nyumba. Nilipokisahau safari moja kwenye buti la gari kwa wiki mbili za mwezi wa Januari, nilikikuta kimeyeyuka na kushikana na zulia, na kukibandua kulinichukua muda mrefu kuliko kusafisha boneti zima. Kile cha sasa kina ukubwa wa yai la kuku na bado ni cheupe. Nimekiweka kwa ajili ya gari ya ami, ambaye amenikubalia nirudi kwake baada ya masika, safari hii nikiwa na klei laini.